Chakula cha Shida

Baba alipotoka hospitali, moyo ukiwa umemtisha kweli, daktari alimwambia apunguze nyama na chumvi, azidishe mboga, maharage na samaki. Baba akanuna. "Majani nimekula utoto mzima. Hicho ni chakula cha shida."

Sikuwa na la kumjibu, mpaka niliposoma habari za Ancel Keys, mtafiti wa Marekani aliyeanza mwaka 1958 kulinganisha vyakula na maradhi ya moyo kwa wanaume wa nchi 7. Wakulima wa kisiwa cha Krete, Ugiriki, walikufa kwa moyo mara chache mno. Walikula nini? Mboga za majani, dengu, mkate, matunda, mafuta ya zeituni. Nyama mara mojamoja. Hawakuwa na mlo maalumu wowote. Walikuwa maskini tu, kama Baba alivyokuwa.

Jioni moja nikamsimulia. Akanyamaza, kisha akauliza, "Kumbe mama alikuwa daktari?"

Tukacheka. Mafuta ya zeituni hatuyawezi kwa bei, lakini mchicha tunao. Usiku ule aliumaliza, na kikopo cha chumvi hakukigusa.