Mpango wa Kadi Kashani

Katika jiji la Mwanza, sauti za simu, malipo ya wachuuzi na barua zote za intaneti hukutana mahali pasipotazamwa na wengi: vyumba vyenye makabati ya chuma, na ndani ya makabati yale makasha yenye nafasi za kuchomekea kadi za mitambo. Kadi hutoka kiwandani na sifa zake, na fundi hana uwezo wa kuiongezea hata moja. Aliloachiwa ni kuamua ipi ikae wapi. Yamkini asiyeijua kazi hiyo ataiona ndogo, maadamu kila kadi imeingia katika tundu lake. Walakini wachukuzi wa Mwaloni Kirumba, wapakiao shehena katika mitumbwi ya visiwani, wasingaliikubali dhana hiyo. Magunia yale yale hufika salama au huzama kwa jinsi yalivyopangwa.

Adui wa kwanza ni joto. Kadi hupozwa kwa hewa isukumwayo na feni, na hewa ya Mwanza si ile ya Dar es Salaam. Uso wa Ziwa Viktoria u mita 1,134 hivi juu ya bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya pwani yenye joto lile lile, kwa kadiri ya sehemu moja ya nane. Feni hupitisha ujazo ule ule wa hewa, lakini uzito umepungua, na uzito ndio uchukuao joto. Kwa hiyo mpango uliotosha Kariakoo huenda usitoshe Kirumba. Kadi zenye joto jingi zisibanane, ikiwa nafasi ipo. Nafasi tupu nazo zizibwe kwa mabamba yake, kwa sababu hewa, mithili ya maji, hufuata njia nyepesi: ikikuta tundu wazi hupita humo na kuziacha kadi zikiungua. Bamba hilo ni kitu cha bei ndogo, na aghalabu ndilo hupotea kwanza. Tena ziwa lina vijidudu vyake, virukavyo kwa makundi kama moshi; viingiapo chumbani huziba chujio la hewa, na hapo mpango wo wote haufui dafu.

Jambo la pili ni njia ya ndani. Nyuma ya kasha upo mgongo uunganishao kadi zote. Kadi yenye milango 48, kila mmoja wa gigabiti 1 kwa sekunde, huweza kuungana na mgongo huo kwa njia ya gigabiti 40 tu. Milango yote ikijaa pamoja, kuna watakaongoja. Katika baadhi ya makasha, mazungumzo yaingiayo na kutoka kwa kadi moja hayapiti mgongoni kabisa. Fundi apendaye mwendo wa kasi hushawishika basi kuweka katika kadi moja yote yanayosemezana.

Hapo ndipo ulipo ubishi wenyewe. Kutoka Mwanza mkongo wa taifa, ulioanza kujengwa mwaka 2009, huelekea kusini kwa Shinyanga, na upande wa pili huelekea Musoma na Sirari. Njia zote mbili zikichomekwa katika kadi moja, katika karatasi ni mbili, lakini kwa kweli ni moja, kwa kuwa kadi ile ikifa zimekufa zote. Wanaosemezana wakae pamoja. Wanaorithiana kazi wakae mbali. Bahari ilitoa mfano tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika siku moja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kosa la namna hiyo laweza kufanywa ndani ya kasha lisilozidi mkono mmoja kwa upana.

Kwa njia kuu, basi, kasi ni ya kutolewa sadaka. Kasi ikipungua, mchuuzi wa dagaa hungoja malipo yake kidogo. Njia ikikatika, mganga wa Ukerewe anayetaka kuwaarifu wenzake wa Bugando juu ya mgonjwa hana pa kuwapatia. Na mpango ukiisha kufanywa, uandikwe katika mlango wa kabati, kadi kwa kadi. Atakayeitwa usiku wa manane kuichomoa kadi iliyokufa ataikuta iliyo hai kando yake, na zote mbili zina sura moja.