Milima ya Kirumba na Pwani ya Ziwa Edward

Wewe unayeishi karibu na karieri, samaki unamjua sokoni. Mama anamnunua akiwa amekauka na ametiwa chumvi, anamloweka, anampika, na watoto wanakula mpaka sahani inabaki nyeupe. Lakini umekwisha kujiuliza samaki huyo ametoka maji gani? Mwezi huu tunakupeleka huko. Tutaanzia Kirumba, mji mdogo wa milimani katika teritwari ya Lubero, Kivu ya Kaskazini, kisha tutateremka mpaka majini. Bahari iko mbali na Kirumba zaidi ya kilometa 1,000. Hata hivyo watu wa milima hii wana pwani yao, na pwani hiyo ina historia ndefu kuliko ya miji mingi mikubwa.

BARABARA YA JUU

Kirumba iko kwenye barabara ya taifa namba 2, ile inayotoka Goma kwenda Butembo na Beni. Wakati wa amani, msafiri anayetoka Goma anapita Rutshuru, anavuka tambarare ya Rwindi ndani ya Parki ya Virunga, kisha kamiyo inaanza kulia kwenye kona za Kabasha. Akifika juu na kugeuka nyuma, anaona tambarare yote imelala chini kama mkeka. Mbali kidogo maji yanang'aa. Hilo ndilo Ziwa Edward.

Kutoka hapo barabara inafuata mgongo wa milima: Kanyabayonga, Kayna, Kirumba, Kaseghe, Lubero, mpaka Butembo. Kati ya Lubero na Butembo unavuka msitari wa ikweta, lakini usifikiri utakuta joto. Huku asubuhi ukungu unafunika mashamba na watu wanavaa makoti. Ni inchi ya viazi, maharagwe, kabichi na vitunguu. Hata ngano inaota.

Milima hii ina ajabu moja ambayo mwalimu wa jiografia anaweza kuwaonyesha watoto kwenye karta. Chukua matone mawili ya mvua yanayoanguka kwenye kilele kimoja. Tone la upande wa mashariki linateremka ziwani, linatoka kwa mto Semliki, linaingia Ziwa Albert, linakuwa maji ya mto Nili na kufika Misri. Tone la upande wa magharibi linaenda msituni, linaingia mto Kongo na kumwagika katika bahari ya Atlantiki. Yalianguka pamoja, kumbe hayataonana tena!

ZIWA LENYEWE

Ziwa Edward lina ukubwa wa karibu kilometa za mraba 2,300. Sehemu kubwa, karibu asilimia 70, iko Kongo. Inayobaki ni ya Uganda. Uso wa maji uko kwenye urefu wa meta 900 na zaidi kidogo juu ya bahari. Basi mtu anayeteremka kutoka milimani anaacha koti njiani, kwa maana joto la chini ni lingine kabisa.

Pwani zake hazifanani. Upande wa kusini inchi ni tambarare. Mito Rwindi na Rutshuru inaingia polepole kati ya matete. Huko iko Vitshumbi, na upande wa kusini-mashariki iko Nyakakoma. Upande wa magharibi, chini ya milima ya Lubero, mambo yanageuka. Milima inaanguka karibu moja kwa moja majini, na kina kirefu cha ziwa, zaidi ya meta 110, kiko upande huo. Hapo ndipo Kamandi, Lunyasenge na Talia. Nyumba zimebanwa kati ya mwamba na maji. Kaskazini iko Kyavinyonge, na karibu yake Ishango, mahali Semliki inapotoka ziwani. Juu ya pwani ya magharibi unasimama mlima Tshiaberimu, wenye meta 3,100 hivi, ambao jina lake wenyeji wanalieleza kuwa ni mlima wa pepo. Mpaka leo wako sokwe wakubwa, yaani gorila, katika msitu wake, lakini ni wachache sana.

WALIOTUTANGULIA MAJINI

Watu wengi wanafikiri historia ya ziwa hili ilianza na mzungu. Hapana. Mwaka 1889 Henry Morton Stanley alipita na kulipa ziwa jina la Albert Edward, mtoto wa malkia wa Uingereza. Lakini watu walikuwa wamekwisha kuvua hapo zamani za zamani.

Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba Ishango. Alipata vyusa vya mfupa, vyenye meno ya kushika samaki. Alipata pia mfupa mdogo wenye mistari mingi iliyochongwa kwa mafungu. Wataalamu wanasema una umri wa miaka karibu 20,000, na wengi wanaona mistari ile ni hesabu ya namna fulani. Leo mfupa huo unatunzwa katika makumbusho mjini Brussels. Tena, mahali panapoitwa Katanda, kwenye Semliki, vilipatikana vyusa vingine pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Wataalamu walivikadiria kuwa na miaka hata 90,000. Kijana, ukisikia mtu anasema babu zetu hawakujua kitu, mwambie habari za Ishango na Katanda.

Wayira, wanaoitwa pia Wanande, walikuja baadaye sana. Wazee wanasimulia kwamba babu zao walivuka Semliki kutoka upande wa Ruwenzori. Ndiyo sababu Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo wanasikilizana lugha: ni ndugu ambao mpaka umewakata. Mpaka huo uliwekwa na Waingereza, Wadachi na Wabelgiji kwa mapatano ya mwaka 1910. Kabla ya hapo mitumbwi ilikuwa ikivuka kuchukua chumvi ya Katwe, upande wa Uganda, na chumvi ile ilipanda mpaka kwenye vyungu vya milimani.

Hata jina la ziwa limegeuka-geuka. Mwaka 1973 liliitwa Idi Amin. Amin alipoanguka mwaka 1979, jina la Edward likarudi. Mvuvi hakuona tofauti yoyote katika wavu wake.

PARKI NA MVUVI

Sasa tufike kwenye jambo lenye maneno mengi. Mwaka 1925 Wabelgiji walianzisha Parki Albert, parki ya taifa ya kwanza katika Afrika. Mwanzoni ilikuwa kwa ajili ya gorila wa volkano. Mwaka 1929 na 1935 ikapanuliwa, ikameza tambarare ya Rwindi, bonde la Semliki na sehemu ya ziwa iliyo Kongo. Katika miaka hiyohiyo ya 1930 ugonjwa wa malale uliua watu wengi karibu na Semliki, na wakoloni wakawahamisha wakaaji. Watu waliondoka kwa sababu ya mbung'o. Walipotaka kurudi, walikuta mashamba ya babu yamekuwa makao ya nyama. Uchungu huo ulipita kutoka kwa babu mpaka kwa mjukuu, na mpaka leo unasikika kwenye mikutano ya vijiji.

Baadaye uvuvi ulikubaliwa, lakini kwa kanuni. Vijiji vitatu tu vilipewa ruhusa: Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge. Chama cha ushirika, kilichokuja kuitwa COPEVI, kilipewa kazi ya kusimamia wavuvi. Idadi ya mitumbwi iliwekwa. Nyavu zenye matundu madogo zilikatazwa, na sehemu ambapo samaki wanazaa zilifungwa. Kulima ndani ya parki hakukubaliwi. Ndiyo sababu unga, maharagwe na mboga zinateremka kutoka milima ya Kirumba na Kanyabayonga, na samaki wanapanda. Mlima unalisha ziwa, ziwa linalisha mlima. Jina la parki liligeuzwa kuwa Virunga mwaka 1969, na mwaka 1979 UNESCO iliiandika kati ya urithi wa dunia nzima.

KIBOKO ANALISHA SAMAKI

Unaweza kuuliza: "Kanuni nyingi vile ni za nini? Maji si ya Mungu?" Basi tueleze namna ziwa linavyofanya kazi.

Usiku kiboko anatoka majini kwenda kula majani inchi kavu. Mchana anarudi na kuacha mavi yake majini. Mavi hayo ni mbolea. Yanaotesha vimelea vya kijani ambavyo macho hayavioni vizuri, na tilapia anakula vimelea hivyo. Yaani majani ya tambarare yanakuwa samaki kwa njia ya tumbo la kiboko.

Katika miaka ya 1970 parki ilikuwa na viboko zaidi ya 25,000. Hapakuwa na mahali pengine duniani penye wengi hivyo. Halafu vita vikaja, na wenye bunduki wakawaua kwa ajili ya nyama na meno. Mwaka 2005 walihesabiwa wasiofika 1,000. Mwezi wa nne 2025 ugonjwa wa kimeta uliua tena karibu 50. Wavuvi wazee wanakumbuka namna samaki walivyopungua viboko walipopungua.

Si viboko peke yao. Tilapia mama anatunza mayai na watoto wake ndani ya mdomo, akijificha kwenye maji mafupi kati ya matete. Mtu anayekokota wavu wa matundu madogo pale pale, anachukua mama pamoja na kizazi chake chote. Tangu vita vya miaka ya 1990 vijiji vya uvuvi visivyo na ruhusa vimeongezeka kando ya ziwa, na vikundi vya silaha vimetoza wavuvi feza. Mvuvi aliyetozwa mara tatu anatafuta namna ya kurudisha feza yake: anaweka nyavu nyingi zaidi, za matundu madogo zaidi. Akivuka mpaka usioonekana juu ya maji, anaweza kukamatwa upande wa Uganda. Mwezi wa saba 2018 hata askari wa inchi hizi mbili walipigana risasi ziwani. Na walinzi wa parki zaidi ya 200 wamekufa kazini katika miaka hii yote. Hao nao waliacha wajane na yatima.

Mwaka 2024 vita vilifika tena. M23 iliingia Vitshumbi katika mwezi wa tatu, na mwishoni mwa mwezi wa sita ikaingia Kanyabayonga, kisha Kirumba. Familia nyingi zilikimbia na magodoro kichwani kuelekea Lubero na Butembo. Barabara ikifungwa, mvuvi anakosa unga na mkulima anakosa samaki, siku ileile.

NA MAFUTA JE?

Chini ya ziwa watu wanatafuta pia mafuta. Mwaka 2014 kampuni ya Uingereza, SOCO, ilipima chini ya maji. Kelele zikapanda kutoka kwa wavuvi mpaka ng'ambo, na kampuni ikaacha. Mwaka 2022 Leta ikatangaza mnada wa sehemu za mafuta, nyingine zikigusa parki. Mwezi wa kumi 2024 mnada huo ukafutwa. Lakini habari ya mafuta haijazikwa. Itarudi, na vijana wa leo ndio watakaoulizwa.

Wewe wa karieri unaweza kuwasaidia kufikiri, kwa kuwa unajua jambo moja kwa mikono yako: dhahabu haizai. Shimo likiisha, limeisha. Watu wanafunga mizigo na kwenda kutafuta shimo lingine. Samaki anazaa. Watu wa Katanda walivua, wa Ishango walivua, babu zetu walivua, na ziwa lilikuwa likijaza tena kila mwaka. Tukilivua kama tunavyochimba shimo, litakuwa shimo, tena shimo lenye maji. Watu wa pwani wana haki ya kula na kuuliza habari za mashamba ya babu zao. Wajukuu wao pia wana haki ya kukuta samaki.

Mama, ukienda sokoni, angalia ukubwa wa samaki. Wale wadogo kama kidole, walioshonwa wengi kwenye kamba moja, ni watoto ambao hawakupata nafasi ya kuzaa. Bei yao ni rahisi leo, lakini kesho itakuwa kali. Mwulize muuzaji: "Hawa walivuliwa wapi?" Akisikia ulizo hilo kutoka kwa mama kumi, atalipeleka kwa mvuvi.

Na ninyi vijana, jioni moja chukueni karta ya Kongo pamoja na baba na mama. Tafuteni Kirumba, tafuteni Ziwa Edward, kisha fuateni Semliki kwa kidole mpaka Nili. Anayetoka upande ule asimulie wengine majina ya vijiji vyao na namna samaki alivyokuwa mkubwa utoto wake. Msikilizeni vizuri, na pimeni kwa mikono ukubwa anaowaonyesha.