Matobolwa ya Choma: Msosi Uliofichwa Kwenye Kona!

Mpenzi msomaji, wewe wa chipsi mayai kila jioni, leo funga mkanda twende Choma Chankola, wilayani Igunga, mkoani Tabora.

Nilishuka asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope, tumbo linaunguruma. Nikajitosa kwenye kibanda cha mama ntilie mmoja. "Mwangaluka, mama!" nikajifanya mwenyeji. Akaitika huku anacheka. "Chapati au maandazi, mwanangu?"

Sasa ona mambo. Kwenye kona watoto walikuwa wanatafuna vipande vikavu vya rangi ya kahawia. Nikauliza ni nini. Mama akaona haya. "Aa, matobolwa tu, chakula chetu cha nyumbani. Watu wa mjini hamli."

Hatuli? "Mama, nitilie hayo hayo!"

Kwa asiyejua, viazi vitamu huchemshwa, humenywa, hukatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikauke. Hayo ndiyo matobolwa. Vikianikwa vibichi unapata michembe, ambayo hupikwa baadaye, na wengi huiunga kwa karanga. Vyote hukaa miezi bila kuharibika. Na huku lazima vikae, maana mvua ikikata mwezi wa nne au wa tano, mpaka Novemba hivi ndiyo uione tena.

Kipande cha kwanza nusura king'oe jino! Kumbe siri ni kutokuwa na papara. Unakiacha mdomoni kilainike, utamu unakuja polepole, unashushia na chai ya rangi. Mama akaniongezea maziwa mgando. Bwana wee, nilijichana mpaka ule mkanda nikaufungua!

Usisahau kwamba katika karne ya 19 Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea na pembe za ndovu mabegani mpaka pwani, miaka mingi kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912. Nchi ya wasafiri hiyo, na chakula chake hakiozi. Leo eti tunakionea aibu!

Wala si sisi peke yetu. Kule Ufilipino kiazi kitamu huitwa kamote, na dereva mbovu barabarani naye hutukanwa "kamote". Lakini kiazi chenyewe hukaangwa kwa sukari, kikachomekwa kijitini na kuuzwa mitaani, watu wanakila.

Wakati wa kulipa, mama akakataa hela. "Hayo hayauzwi, mwanangu." Nikamlipa bei ya chapati mbili kwa nguvu, nikamwomba kesho ayatoe kwenye kona, ayaweke mbele kwenye sinia, jirani na maandazi.

Akacheka. "Nani atanunua?"

Mshikaji, ukipita Choma, mjibu wewe.