"Nilitumwa Tu" Haikuwaokoa Watu wa U-852

Kuna sentensi tunaipenda sana hapa kwetu: "Mimi nilitumwa tu." Karani anaisema, askari anaisema, hata wale jamaa wa kubomoa vibanda usiku wanaisema. Leo wacha niwape stori ya nyambizi moja ya Wajerumani, halafu mniambie kama hiyo sentensi bado ina uzito.

Nyambizi U-852 ilitoka Kiel Januari 1944, ikielekea Bahari ya Hindi. Nahodha wake, Heinz-Wilhelm Eck, alikuwa na miaka 27 tu. Ilikuwa safari yake ya kwanza ya vita na chombo hicho, na ndiyo ikawa ya mwisho.

Tarehe 13 Machi, wakiwa Atlantiki, waliipiga kwa torpido meli ya mizigo ya Kigiriki, Peleus, yenye mabaharia 35. Ilizama haraka sana. Waliobaki hai wakashikilia vyelezo na mabaki yaliyokuwa yakielea gizani.

Kazi ya vita ilikuwa imeisha hapo. Lakini Eck aliogopa kwamba ndege za doria zingeona mabaki na kumtafuta, kwa hivyo akaagiza yazamishwe. Rashasha zikafyatuliwa, maguruneti yakarushwa, na watu bado walikuwa pale. Nyambizi ilizunguka hapo kwa takriban saa tano. Saa tano, jamani! Kama shida ilikuwa kujificha, si angeondoka mbio?

Sasa angalia waliotii. Mmoja wa waliofyatua risasi alikuwa Walter Weispfennig, daktari wa nyambizi. Daktari! Mhandisi Hans Lenz naye alimwambia nahodha waziwazi kwamba hakubaliani na agizo lile. Baadaye akapanda juu, akachukua rashasha kutoka kwa baharia Wolfgang Schwender, na akafyatua yeye mwenyewe. Mdomo ulikataa, mkono ukatii.

Watatu walipona. Walielea zaidi ya mwezi mmoja hadi meli ya Kireno ikawaokota tarehe 20 Aprili.

U-852 ilizamisha meli nyingine karibu na Cape Town, kisha ikapanda na pwani ya Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa Mei ndege za Waingereza kutoka Aden ziliivamia. Ikiwa imeharibika vibaya, ilikwama Bender Beila, Somalia. Watu wake 7 walikufa na 59 wakakamatwa, wengine wakinaswa na kikosi cha ngamia cha Somaliland. Walijaribu kuilipua nyambizi, lakini daftari la safari likapatikana. Yaani watu walioua ili kufuta alama waliacha maandishi yao wenyewe.

Oktoba 1945 walishtakiwa Hamburg mbele ya mahakama ya kijeshi ya Uingereza. Eck alikiri kwamba agizo lilikuwa lake. Wenzake wakasema waliamriwa. Mahakama haikukubali: agizo ambalo kila mtu anaona ni uovu halimwondolei lawama aliyelitekeleza. Eck, Weispfennig na ofisa August Hoffmann walipigwa risasi tarehe 30 Novemba. Lenz alipewa kifungo cha maisha, Schwender miaka 15.

Najua mtu atasema hiyo ni haki ya mshindi. Hapo ana pointi. Machi 1943, katika Bahari ya Bismarck, ndege za Marekani na Australia ziliwamiminia risasi Wajapani waliokuwa majini baada ya meli zao kuzamishwa, na hakuna aliyefikishwa kortini. Lakini kwangu hiyo ina maana kesi zilikuwa chache mno. Haina maana kwamba hii moja haikustahili.

Mtu ninayemfikiria zaidi ni Lenz. Eck alikuwa ameamua, na daktari hakusita. Lenz alijua ni makosa, akasema ni makosa, halafu akafanya. Wengi wetu tuko karibu na Lenz kuliko Eck. Tunanung'unika ofisini, kisha tunapiga sahihi. Kusema "sikubaliani" ni mwanzo mzuri, lakini wale watu wa majini hawakusaidika nayo.

Wewe ungekuwa Lenz usiku ule, ungefanya nini?