Barabara ya Baba Mkubwa

Mchaga anayeishi Dar es Salaam huenda kwao kwa mambo mawili, Krismasi na msiba, na mwaka huu baba mkubwa hakutaka kungoja Krismasi. Alifariki mwezi Juni, shule zimeshafungwa, na mimi nimeshalipia vyumba viwili Lushoto kwa ajili ya likizo ya watoto.

Mke wangu ndiye aliyetamka nililokuwa nalizunguka: Lushoto iko njiani. Anayetoka Marangu kurudi Dar lazima apite Mombo, na kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kilomita 30 na kidogo tu. Tukazike kwanza, tupumzike wakati wa kurudi. Nikampigia mwenye nyumba ya wageni. Akasogeza tarehe, akanipa pole. Aliyebaki kuridhishwa ni shangazi.

Shangazi ni mdogo wake marehemu, anakaa Kimara, na tulimpitia alfajiri. Nilipofungua nyuma ya Noah kuweka begi lake, akaona mpira, viatu vya kupandia milima na kofia za sufu za rangi ya chungwa.

"Jamani, tunakwenda kuzika au tunakwenda pikiniki?"

"Tunakwenda kuzika, shangazi," mke wangu akajibu. "Hivyo ni vya kurudia."

Akalilaza begi lake juu ya mpira, akakaa kiti cha mbele, akafunga mkanda. Mpaka Chalinze hakusema zaidi ya "punguza mwendo", na huo ulikuwa ushauri wa maana, maana barabara ile kila kijiji kina kibao cha 50, mbele ya kibao kuna mwarobaini, na nyuma ya mwarobaini kuna trafiki na tochi yake.

Ulimi ulimfunguka Wami. Daraja jipya tulilivuka bila watoto kutambua kwamba wamevuka mto. Shangazi akawaonyesha lile la zamani pembeni, jembamba, la gari moja moja.

"Babu yenu akifika pale alikuwa anavua kofia."

"Ya nini?" kitinda mimba wetu akauliza.

"Ya kuwasalimu waliotangulia. Pale wameishia madereva wengi aliokuwa anakula nao."

Watoto wangu walimjua babu huyo kama mzee wa kwenye kiti cha uvivu anayewagawia miwa kila Desemba. Hawakuwa na habari kwamba aliendesha lori zaidi ya miaka thelathini, kahawa kutoka Moshi kwenda bandari ya Tanga, na kurudi na saruji, mbolea au chochote tajiri alichopata. Baadaye akahamishiwa njia ya Dar, hii hii tuliyokuwa tunaikanyaga. Kuanzia Wami ikawa barabara yake. Pale aliharibikiwa na difu, akalala chini ya lori usiku kucha. Hapa kulikuwa na mama muuza uji, alimkopesha mpaka akahama. Segera tulinunua machungwa kwa sababu yeye hakuwahi kupita Segera bila kununua.

Tulipoingia kwenye mkonge, upande wa Korogwe, kitinda mimba akapiga kelele, "Mananasi!" Ndipo shangazi akatoa hadithi ambayo baba mkubwa alikuwa akiitoa kwa kila abiria: kwamba mkonge huu si wa kwetu, uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf, akaagiza miche kutoka Florida, Marekani, ikasafiri mpaka ikapitia Ujerumani, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mashamba yote yale ni uzao wa miche hiyo 62. Baba mkubwa alikuwa akimaliza hivi: "Na wajukuu zake nimewabeba mimi, marobota kwa marobota."

Mombo tukashuka kula. Milima ya Usambara ilikuwa imesimama juu ya vichwa vyetu, na barabara ya Lushoto inaonekana inavyochepuka na kuanza kupanda. Shangazi aliitazama kwa muda, mfupa mkononi.

"Amepita hapa maisha yake yote, na huko juu hajakanyaga. Hakukuwa na mzigo wa Lushoto."

Mke wangu akaniangalia. Hakuna aliyetaja nyumba ya wageni.

Baada ya hapo ni Hedaru, Makanya, upepo wa Same, mkonge tena pale Kisangara, watoto walilala. Himo tulifika giza likiingia, tukafunga vioo kwa baridi, na kufika Marangu tukakuta turubai limeshafungwa, wanawake wanamenya ndizi za mtori na vijana wamezunguka moto na kata ya mbege ikipita mkono kwa mkono.

Kesho yake asubuhi binamu wa rika la wanangu walikuwa wamejaa uani, hawana la kufanya, wanapishana na masufuria ya moto. Shangazi mwenyewe ndiye aliyekwenda kwenye gari, akatoa mpira. "Chukueni, mkachezee kule chini kwenye migomba, msije mkatuunguza." Sikusema kitu. Kwa maoni yangu watoto kucheza msibani si utovu wa heshima. Wanaokutana mara moja kwa mwaka wafahamiane lini kama si pale? Wengine wanaona vibaya, na hao mara nyingi ni wale wasio na watoto wa kulinda.

Kaburi lilichimbwa kihambani, kati ya migomba na mikahawa, jirani na babu na bibi. Ibada ikaenda vizuri, mchungaji hakurefusha. Kilichonikera ni wasifu wa marehemu. Tulisomewa kuzaliwa, 1946; ubatizo, kipaimara, ndoa, idadi ya watoto na wajukuu. Kisha ugonjwa: sukari ilianza lini, presha ikafuata lini, alilazwa lini, akaruhusiwa lini, akarudishwa lini. Ukurasa mzima. Na miaka thelathini ya barabarani? "Marehemu aliwahi kuajiriwa kama dereva katika kampuni mbalimbali." Basi. Nimesikiliza wasifu nyingi za namna hii. Huandikwa usiku na kamati iliyochoka, na anayeulizwa ni yule aliyemuuguza, kwa hiyo mtu aliyeishi karibu miaka themanini anazikwa na historia ya miezi yake sita ya mwisho.

Tukadhani mwongoza ratiba amemaliza salamu, kumbe kuna mzee amesimama nyuma, koti limemzidi mabega, anaomba dakika moja. Akapewa kwa shingo upande.

"Mimi ni Mpare wa Hedaru," akaanza, na watu wakaanza kutabasamu, maana watani tunajuana. "Sikuleta rambirambi. Nimekuja kudai. Mwaka 1978 nduli Amin alipovamia Kagera, serikali ilichukua malori ya watu kubeba jeshi. Letu lilichukuliwa na sisi tukiwa ndani. Huyu aliyelala hapa ndiye dereva, mimi utingo wake, mtoto wa miaka 19. Tumekwenda mpaka Mutukula. Posho alisaini yeye, ya wawili. Ya kwangu sijaiona mpaka leo. Sasa kabla hamjamfukia, nionyesheni mrithi wa deni."

Mama mkubwa, ambaye tangu asubuhi hakuwa ameinua kichwa, alicheka mpaka akajifunika kanga usoni. Mjukuu mmoja akapeleka noti ya elfu mbili. Mzee akaipokea, akaiinua kwenye mwanga, akaikagua mbele na nyuma.

"Riba je?"

Kisha akakunja noti, akaitia mfukoni, akachota udongo kwa mikono miwili, akautupia kaburini na kulia kwa sauti kuliko watoto wa marehemu.

Siku ya kuondoka tulimpa lifti. Alikataa kusinzia. Kila mteremko alikanyaga sakafu kama anashika breki, kila lori lililotupita alilitaja jina na aina ya injini, na wanangu wakawa wanamuuliza maswali bila kupumzika. Binti yangu mkubwa akataka kujua kama ni kweli babu hakuwahi kufika Lushoto.

"Ni kweli. Alikuwa anaogopa zile kona."

"Mwongo mkubwa wewe!" shangazi akageuka. "Kaka yangu aogope kona? Hakukuwa na mzigo."

"Mizigo ilikuwepo, viazi na kabichi tele. Tajiri akimpangia Lushoto, yeye anasema breki hazishiki."

"Una ushahidi gani?"

"Mimi ndiye niliyekuwa naambiwa nizilegeze."

Tulimshusha Hedaru bado wanabishana. Mpango ulikuwa shangazi apande basi la Dar pale Mombo. Nilipowasha taa ya kusimama kituoni akaniuliza kwa nini nasimama. "Twende tukazione hizo kona."

Kona ni nyingi, nisidanganye. Upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo, na lori la mbao linateremka katikati. Mtoto mmoja alitapika kabla ya maporomoko ya Soni, mwingine baada yake. Shangazi alishika mpini wa mlango njia nzima, na tulipofika Lushoto mjini akakiri kwamba inawezekana, inawezekana tu, kaka yake alikuwa na busara.

Siku iliyofuata tulikwenda Irente. Unafika kwenye ukingo wa jabali na nchi inakatika. Chini kabisa kuna uwanda wa Mazinde, reli ya Tanga na ile barabara yetu. Watoto walikaa wakihesabu malori na kugombana lipi ni Fiat. Shangazi alikuwa amevaa kofia ya sufu ya rangi ya chungwa, anatafuna jibini la shamba la Irente na kulalamika kwamba halina chumvi, simu yake ikaanza kulia mfululizo. Kundi la ukoo limefunguliwa: mchango wa kujengea kaburi Desemba, kila mtu aandike ahadi yake, na walio njiani waseme wamefika salama wapi.

"Niandikie laki moja," akaniambia, "na usiwaambie tuko wapi."

Nikachukua simu. Binti yangu alikuwa ameshatuma picha ya shangazi akiwa na ile kofia, na chini yake mama mkubwa ameshajibu: "Mbona hamkunipitia?"