Tusiishie Kwenye Desa

Wanachuo wenzangu, naomba niwasemee vitabu kidogo. Sio vile vya kozi, vya kutafutia GPA. Nasema vitabu vya hadithi, ambavyo unakishika kimoja saa nne usiku ukishtuka ni saa nane, taa bado inawaka na mwenzako wa chumbani analalamika.

Kwetu chumbani tuko wanne. Boom likitoka mmoja wetu ananunua kitabu, mara nyingi cha mtumba, pale wanapotandika chini pembeni mwa barabara, halafu kinazunguka. Mmoja wetu, wa uhasibu, alikuwa anasema hadithi ni za watoto. Tukampa Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi. Alipofika pale Yasmin anapomkimbia yule mume mzee aliyeozwa, akaacha hata kutujibu salamu. Siku ya tatu akauliza kama huyu mwandishi ana kingine. Tukampa Kuli.

Mimi changu ni Rosa Mistika. Euphrase Kezilahabi alikitoa mwaka 1971 akiwa na miaka 27, mitano tu zaidi yangu. Kuna wakati kilizuiwa mashuleni kwa sababu kinasema waziwazi habari za wasichana na mapenzi. Rosa analelewa kwa fimbo na woga, hakuna anayekaa naye kumweleza lolote kuhusu wavulana. Akitoka nyumbani hajui ashike wapi. Na kilichonigusa zaidi, anasomea ualimu kama mimi. Hata kwetu mambo hayo hayazungumzwi. Nilipomaliza kukisoma nilimpigia mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha tatu, tukaongea mpaka salio likaisha. Ilikuwa mara ya kwanza.

Halafu nikaenda field kufundisha. Nikakuta kidato cha nne wanaijua Takadini kwa desa. Ukiuliza Sekai ni nani, darasa zima linajibu: "Jasiri, ana mapenzi ya dhati!" Ukiuliza amefanya nini hasa, kimya. Siwalaumu, shule nzima ilikuwa na nakala tatu. Basi nikawa nawasomea kwa sauti dakika kumi za mwisho wa kipindi. Siku tuliyofika pale Sekai anapotoroka na mtoto wake mwenye ualbino ili wasimuue, kengele ililia na hakuna aliyenyanyuka. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye hajawahi kunyoosha mkono tangu nifike, akauliza: "Mwalimu, kwani mtu akimwacha mumewe ili amwokoe mtoto, amekosea?" Wakabishana mpaka nje.

Desa lingewapa maksi zao, sikatai. Ila swali lile lisingetoka kwenye desa.

Najua mtaniambia muda hakuna, boom halitoshi, na test ziko mlangoni. Ni kweli kabisa. Hata mimi nina madesa kwenye simu, na UE ikikaribia nayafungua kama kila mtu. Lakini tunaosomea ualimu ndio tutakaokabidhiwa madarasa yale. Tukimaliza miaka mitatu tumesoma mihtasari tu, tutakwenda kuwasomea nini wale watoto?

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Unapopanga begi la field, weka kitabu kimoja cha hadithi, kile ulichokipenda wewe mwenyewe, hata kama hakipo kwenye mtaala. Wasomee kurasa mbili tu kwa siku. Na wewe wa sheria, wa uhandisi, wa biashara, anza hata na Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobel wa mwaka 2021, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Kama huna cha kununulia, gonga mlango wa jirani, waulize wana nini.

Ukimaliza mpe mwingine. Kama ni cha kuazima, jamani, rudisheni vya watu.