Manjano ya Mwanangu

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Siku ya tatu baada ya kujifungua, niliona macho ya kifungua mimba wangu yamegeuka rangi ya manjano. Jirani, kwa nia njema kabisa, aliniletea chupa ya septrini iliyobaki kwake. “Hiyo ni homa ya manjano. Mpe kijiko kimoja tu,” alinishauri. Nilikuwa tayari nimeshika kijiko mama mkwe alipoingia, akaamuru twende hospitalini.

Ndugu msomaji, huko ndiko nilikofunzwa elimu ambayo sikuwahi kuipata katika fasihi. Chembe nyekundu za damu zinapochakaa huvunjwa, na mabaki yake ni rangi ya manjano iitwayo bilirubini. Ini huiunganisha na aina ya sukari kwa nguvu za kimeng’enya maalumu, kisha huitoa kupitia nyongo. Kwa mtoto mchanga kimeng’enya hicho bado ni dhaifu, ndipo manjano hujitokeza, na kwa watoto wengi hutoweka baada ya siku chache.

Aidha, vimeng’enya vya jamii hiyohiyo ndivyo vinavyozishughulikia baadhi ya dawa. Mnamo mwaka wa 1959, madaktari wa Marekani waliripoti vifo vya watoto wachanga waliopewa kloramfenikoli. Maini yao hayakuweza kuiondoa, ikalimbikizana mwilini, nao wakageuka rangi ya kijivu. Salfa iliyomo katika septrini ina hatari yake: huibandua bilirubini kutoka kwa protini inayoibeba damuni, nayo ikapata upenyo wa kuingia ubongoni na kuudhuru.

Mwanangu alilazwa chini ya taa ya buluu, ambayo mwanga wake huigeuza bilirubini ikaweza kutoka mwilini bila kulingoja ini likomae. Siku mbili baadaye tulirejea nyumbani.

Tangu hapo nimekuwa nikiliwazia lile jina. Homa ya manjano huletwa na virusi vinavyoenezwa na mbu. Manjano ya mtoto mchanga si homa hata kidogo. Darasani sisi hubishana kuhusu istilahi, kisha tukaenda zetu kunywa chai. Waama, mimi sitabishana tena kwa mzaha. Jina lililopotoka lilikaribia kutia kijiko cha sumu kinywani mwa mwanangu, na mkono ulioshika kijiko hicho ulikuwa wangu, mwanafunzi wa Kiswahili.